Macho ya Mwalimu: Mafunzo Niliyopata Darasani Kawangware

Ninafundisha katika shule ya umma upande wa Kawangware, hatua chache kutoka Naivasha Road. Darasa lina watoto zaidi ya sitini, na dawati lililotengenezewa wawili hukaliwa na watatu. Nje ya dirisha kuna fundi wa kuchomelea mageti, matatu za 46 zinazopigiana honi, na muuza viatu mwenye kipaza sauti ambaye hajui kwamba sisi tuko kwenye somo la sehemu. Wageni wakichungulia mlangoni huniuliza swali moja: bila kiboko, unawezaje?

Jibu langu ni hili. Katika darasa kama letu kitu adimu kuliko vyote ni macho ya mwalimu. Kila mtoto anayataka, na atayatafuta kwa njia yoyote inayofanya kazi. Akiyapata kwa kupiga kelele, atapiga kelele. Akiyapata kwa kufungua kitabu, atakifungua. Mengine yote niliyojifunza yametoka hapo.

1. Orodha ya wapiga kelele huwatuza wapiga kelele

Aliyesoma Kenya anaijua orodha hii. Mwalimu akitoka, kiranja hubaki mbele ya darasa na kipande cha karatasi kilichochanwa katikati ya daftari. Anaandika majina. Anayeendelea kuongea huongezewa alama: mara mbili, mara tatu. Kiranja ana uwezo mkubwa, na jina huweza kufutwa kwa nusu andazi. Mwalimu akirudi, majina husomwa kwa sauti na darasa zima hugeuka kumwangalia anayetajwa.

Nilirithi desturi hiyo kama ilivyo, hadi siku nilipoacha kuitazama karatasi na kuzitazama nyuso. Wavulana wawili watatu walikuwa wakitabasamu majina yao yakisomwa. "Mara tano!" mmoja alimnong'oneza jirani yake, kwa fahari. Wakati huohuo, msichana aliyemaliza hesabu zote na kuanza kumsaidia mwenzake hakutajwa na yeyote. Karatasi ile ilikuwa imewapa umaarufu wale wale iliyokusudia kuwatia aibu.

Tena kulikuwa na ubaya mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, anaeleza jinsi watoto wa shule upande wa Limuru, mbele kidogo tu ya huku kwetu, walivyopitishiana kifungo siku nzima kila mmoja alipomnasa mwenzake akisema Kikikuyu. Jioni aliyekipitisha na aliyekipokea wote walijulikana. Watoto walifunzwa kuwindana. Orodha ya wapiga kelele hufanya kazi iyo hiyo bila kifungo.

Basi nikaigeuza. Kiranja akaambiwa aandike mema, na aandike tendo pamoja na jina: amemwazima mwenzake kifutio, amemaliza akachukua kitabu cha hadithi, amemwambia jirani anyamaze bila kupiga meza. Siku za mwanzo karatasi ilirudi karibu tupu. Kiranja alikuja kwangu amekasirika kabisa.

"Mwalimu, hakuna cha kuandika. Wazuri hawaonekani."

Sijasikia maelezo bora ya tatizo la nidhamu kutoka kwa mtaalamu yeyote. Kelele hujionyesha zenyewe, wema lazima utafutwe. Kazi ikawa kumfundisha kuona. Dawati la nyuma kabisa, nani ana kitabu wazi? Nani ameokota kalamu isiyo yake, akairudisha? Nani alitaka kujibu kwa hasira akajizuia? Halafu nikaifanya kazi hiyo iwe ya zamu ili kila mtoto aishike, wakiwemo wale waliokuwa wakitabasamu. Yule wa "mara tano" alipofikiwa na zamu yake, alijaza pande zote mbili za karatasi na kuniomba nyingine. Hakupiga kelele siku hiyo, kwa kuwa alikuwa na shughuli.

2. Sifa isiyotaja tendo haina uzito

Shule zetu zina utajiri wa pongezi. Kuna makofi ya kilo, kuna makofi ya maua ambapo vidole hupepea hewani bila sauti, na kila kukicha watoto hubuni mengine. Ninayapenda na ninayatumia. Lakini makofi hutolewa kwa jibu sahihi tu, na "vizuri sana" ya mwalimu humwagwa kwa kila mtu mpaka inakuwa kama salamu.

Mtoto anahitaji kujua nini hasa kilikuwa kizuri ili akirudie. Kwa hiyo siku hizi nasema, "Nimeona ulikosea swali la tatu, ukafuta, ukaanza upya bila kuulizwa." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "wewe ni mwerevu", lakini ina kazi ndani yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo haraka walipokutana na maswali magumu, ilhali waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Nimeliona hilo mara nyingi kwa watoto wanaoitwa werevu nyumbani. Hawainui mkono wasipokuwa na uhakika, maana wana jina la kulinda.

Na haki itolewe hata kwa msumbufu. Mgala muue na haki yake mpe. Mtoto aliyenichosha asubuhi nzima akipanga viti mchana bila kutumwa, anasikia nikisema kwamba amepanga viti, na sitaongezea "laiti ungekuwa hivi kila siku". Kijembe hicho cha mwisho hufuta yote yaliyotangulia.

Kwa wakubwa mambo hubadilika. Mvulana wa gredi ya saba ukimsifu mbele ya wenzake unaweza kuwa umemharibia wiki. Huyo mimi humwandikia mstari mmoja pembezoni mwa daftari. Nimewahi kumwona mmoja akiukunja ukurasa ule kwa uangalifu ili usichafuke, huku usoni amejifanya hajasoma chochote.

3. Mvua juu ya mabati ilinifunza ishara

Masika ya Machi hadi Mei yakianza, paa letu la mabati hufuta kila sauti. Unaweza kupaza sauti mpaka koo likauke na mtoto wa mstari wa tatu asisikie neno. Ndipo nilipoanza kufundisha kwa mikono. Mkono juu: kalamu chini, macho mbele. Vidole viwili: toa kitabu cha mazoezi. Kiganja wazi: zungumza na jirani yako tu. Tulifanya mazoezi ya ishara hizo siku za jua, kama mchezo, mpaka darasa zima likajibu ndani ya pumzi chache.

Mvua ilipokwisha hatukuziacha. Mwalimu asiyepayuka hulifanya darasa lenyewe lishushe sauti, na watoto hupenda kuwa na lugha ambayo darasa la jirani halina.

4. Fundisha tabia kabla ya kuidai

Tuliwapeleka watoto mjini, kwenye Jumba la Nyaraka za Kitaifa, pale ambapo nusu ya Nairobi hupeana miadi. Jengo lenyewe lilikuwa benki zamani, na ndani yake upo mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966. Limesimama kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, na anayelijua eneo hilo anaijua hofu ya mwalimu: bodaboda zinazopanda juu ya njia ya miguu, wachuuzi, makanga wanaovuta watu mikono, na mtoto wa miaka kumi anayesimama ghafla katikati ya barabara kushangaa ghorofa.

Wenzangu walishauri tuwatishe kabla ya kuondoka: atakayetoka kwenye mstari hataenda safari nyingine. Tukaamua vingine. Siku chache kabla, tulichora Moi Avenue kwa chaki kwenye uwanja wa shule, na vivuko vyake. Watoto wengine wakawa matatu, wengine wachuuzi, mmoja akawa polisi wa trafiki na akaifanya kazi yake kwa bidii kuliko wengi ninaowajua. Kila mtoto alipewa mwenzi wa kushikana naye mkono. Tulivuka barabara ile ya chaki, tukarudi, tukavuka tena. Aliyefanya sawasawa aliambiwa alichofanya: "Umesimama, umeangalia pande zote, umemsubiri mwenzako."

Mjini walivuka kama watu wazima, na kusema kweli kuliko watu wazima wengi wa Tom Mboya Street. Ndani ya jumba walitembea polepole, mikono nyuma, kama tulivyozoea, na mlinzi mmoja alivutiwa akawauliza wanatoka shule gani. Waliiongelea sifa hiyo ya mgeni muhula mzima.

Nilichoondoka nacho ni kwamba makosa mengi tunayoyaita utundu ni mambo ambayo hatujafundisha. Tunafundisha kugawanya kwa wiki tatu, kisha tunategemea mtoto azaliwe akijua kupanga foleni, kugawa vitabu bila kurusha, na kungoja zamu ya kusema.

5. Zawadi ikizidi, hula kazi yake

Darasa moja nililolipokea lilikuwa limezoea switi. Ukisema "tunyamaze", sauti hutoka nyuma: "Tukinyamaza tutapewa nini, Mwalimu?" Watoto hawakuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa bei.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, na wakakipata, baadaye walichora kidogo kuliko wasioahidiwa chochote. Zawadi ilikuwa imegeuza mchezo wao kuwa kibarua.

Sisemi zawadi zife. Nasema ziwe ndogo, zisiahidiwe kila saa, na ziwe za kitu ambacho watoto watakifanya pamoja. Tuna kopo la plastiki na vifuniko vya soda, vile vile tunavyohesabia katika hisabati. Darasa likifanya jambo jema kwa pamoja, kifuniko kimoja kinaingia. Kopo likijaa, nawasomea hadithi wakiwa wamekaa chini ya mti, au tunatoka uwanjani mapema kabla ya kengele. Wanachopenda zaidi ni hadithi, jambo ambalo sikulitarajia kwa watoto wenye televisheni ya jirani.

Wazo la zawadi ya kikundi lina umri. Mwaka 1969, huko Kansas, Marekani, Harriet Barrish, Muriel Saunders na Montrose Wolf walichapisha habari za mchezo walioujaribu katika darasa la nne: darasa liligawanywa makundi mawili, kila uvunjaji wa kanuni ukapata alama ubaoni, na kundi lenye alama chache, au yote mawili yakifanya vizuri, lilipata fursa ndogondogo. Vurugu zilipungua sana. Nimeutumia kwa badiliko moja: mimi nahesabu mema, na kifuniko kilichoingia hakitolewi kamwe. Ukitoa kifuniko kwa kosa la mtoto mmoja, wenzake watamsubiri nje ya geti. "Ni wewe umetupotezea" ni adhabu kali kuliko fimbo, na mwalimu huwa hayupo inapotolewa.

Siku ya kutoa zawadi mwishoni mwa mwaka nayo inanikera. Chanda chema huvikwa pete, ndiyo, lakini kwa miaka mingi tulivika vidole vile vile vitatu: nambari moja, mbili na tatu, wakibeba sahani, madaftari na chupa ya chai, huku wengine wote wakiketi juani kupiga makofi. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya haupangi watoto kwa nambari. Sherehe zetu nyingi bado zinapanga.

6. Mpigie mzazi simu ya heri

Mtaani kwetu mzazi huitwa shuleni kwa ubaya tu. Kwa hiyo namba ya mwalimu ikionekana kwenye simu, moyo hushtuka. Mama mmoja wa wale wanaokaa pembeni mwa barabara huko Lavington asubuhi, wakingoja kuitwa kufua nguo, alipokea hivi:

"Haloo Mwalimu. Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kosa, Mama. Nimepiga tu kukuambia leo amemfundisha mwenzake kugawanya mpaka akaelewa."

Kimya. "Halafu?"

"Ni hayo tu."

"Haya, Mwalimu. Asante. Mungu akubariki." Kabla hajakata nilimsikia akiwaambia waliokaa naye, "Ni mwalimu wa kijana wangu. Anasema amefanya vizuri."

Simu ile ilinigharimu dakika moja. Kijana alifika kesho yake mapema, shati limepigwa pasi. Na baadaye ilipobidi nimpigie mama yule kwa jambo zito, alinisikiliza bila kumtetea mtoto na bila kumtisha, kwa kuwa alijua simfuatilii mwanawe kwa ubaya.

7. Chakula si tuzo wala adhabu

Hili ni fupi. Tangu mwaka 2023 watoto wa shule za msingi za umma jijini hupata chakula cha mchana kupitia mpango wa Dishi na County: mzazi analipa shilingi 5, mtoto anagusisha bangili yake kwenye mashine, anapewa sahani. Kelele za alasiri darasani mwangu zilipungua. Nyingine zilikuwa njaa tangu mwanzo. Mtoto asinyimwe chakula kwa sababu ya tabia yake, wala asiwekwe wa mwisho kwenye foleni. Mapumziko nayo ni hivyo hivyo: anayeshindwa kutulia ndiye anayehitaji kukimbia zaidi.

8. Kuondoa kiboko hakutoshi

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," wazazi huniambia, na baadhi ya walimu wenzangu huitikia. Siwadharau. Wengi wao walilelewa kwa kiboko na wanaamini ndicho kilichowafikisha walipo. Lakini hata enzi za kiboko kulikuwa na mipaka. Kanuni za nidhamu za 1972 zilitaka uchunguzi ufanywe kwanza, kosa liwe zito, na fimbo zisizidi sita. Ripoti ya Human Rights Watch ya 1999 ilikuta hali tofauti kabisa: watoto walichapwa kila siku kwa kuchelewa, kwa sare iliyochanika, kwa jibu lisilo sahihi. Silaha ikiwa mkononi, mipaka huyeyuka.

Notisi ya Kisheria nambari 56 ya 2001 ikapiga kiboko marufuku. Katiba ya 2010 ikamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kikaweka adhabu: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hata hivyo, Januari 2021, baada ya wanafunzi kuwashambulia walimu, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alitaka kiboko kirejeshwe, na watu wengi walimshangilia. Ninaielewa hofu yao. Sheria ilimpokonya mwalimu kitu kimoja, na wengi wetu hatukupewa kitu kingine cha kushika.

Uganda imeonyesha kwamba kinaweza kupatikana. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitunga mpango unaoshirikisha wanafunzi, walimu na uongozi wa shule katika kubadilisha namna ya kulea nidhamu. Ulijaribiwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Global Health: baada ya miezi 18, hatari ya mtoto kupigwa na walimu na wafanyakazi wa shule ilipungua kwa asilimia 42. Luwero si Ulaya. Ni madarasa yaliyojaa na paa za mabati kama zetu.

9. Wapo wasioguswa na sifa

Nina mtoto ambaye haya yote hayamfikii. Ukimsifu anakunja uso; ukimwandikia anachana. Nimeacha kumsifu kwa maneno. Ninampa kazi: yeye ndiye mtunza ufunguo wa kabati la vitabu. Anaufunga shingoni kwa kamba ya kiatu na hajaupoteza. Kuhusu nyumbani kwao nimezungumza na mwalimu wa ushauri, na namba 116 ya simu ya watoto imebandikwa ukutani mahali ambapo kila mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Tabia nyingine ni kilio, na mwalimu anayeitibu kwa vifuniko vya soda peke yake atakuwa amemwacha mtoto.

Kumfikia mtoto kama huyo kunahitaji muda wa kukaa naye peke yake, na muda huo haupatikani katika darasa la watoto sitini. Macho yangu ni mawili. Ninaomba waajiriwe walimu zaidi Dagoretti, Kangemi na Kawangware kabla yeyote hajazungumza tena juu ya kurudisha fimbo, na ninaomba vyuo vya ualimu viwalete wanafunzi wao kufanya mazoezi katika madarasa yenye ukubwa huu halisi, muhula mzima, Mei ikiwa na mvua yake. Mlango wangu uko wazi kwao.